Ufunguo Uliokwenda Ikulu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na ukiona kama unaifahamu, kosa ni la macho yako, nenda kapimwe. Huko watu walikuwa na furaha kwa mujibu wa sheria. Mkuu wao aliitwa Mwenye Nchi, cheo kisicho na majivuno hata chembe, maana kilieleza tu hali ilivyokuwa.

Mwaka mmoja Mwenye Nchi alirudi kutoka ziara ya ng'ambo akiwa amenuna. Wenyeji wake walikuwa wamemshusha chini ya ardhi, wakamwonyesha pete ya chuma ndefu kama barabara, ambamo chembe zisizoonekana kwa macho zilikimbizwa mpaka zikakaribia kasi ya mwanga, kisha zikagonganishwa ili wataalamu watazame vipande vyake na kujua dunia imeundwa kwa vitu gani. Mwenye Nchi hakuuliza dunia imeundwa kwa vitu gani. Aliuliza kama jirani yake wa kaskazini anayo pete ya namna hiyo. Alipoambiwa hana, aliagiza moja.

Ndivyo ilivyojengwa Maabara ya Taifa ya Chembe kwenye uwanda wa Mkongeni, chini ya mashamba ya mkonge yaliyokwisha kufa kwa uangalizi wa serikali. Na ndivyo Dakta Sikudhani Mbonde alivyoitwa arudi nyumbani.

Dakta Sikudhani alikuwa mwanafizikia wa mitambo ya kukimbiza chembe, kazi ambayo mama yake aliwaeleza majirani kuwa ni "mambo ya umeme." Ujana wake wote uliishia kwenye maabara za watu, akitunza mitambo ya watu, akikatizwa chakula na hitilafu za watu. Sasa alipewa mtambo wa kwake. Kila sumaku iliyoingia handakini aliisimamia mwenyewe. Kila ungio la bomba alilipapasa, maana ndani ya bomba lile hapakutakiwa kubaki hewa hata pumzi moja. Alizijua sauti za pampu kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuona chembe zikiizunguka pete nzima, hata mara moja, na kitufe kiwe kimebonyezwa kwa kidole chake. Wengine hutaka nyumba na gari. Yeye alitaka hilo, na hakuona haya kulisema.

Maabara ilikuwa na desturi moja ambayo lazima uijue, maana yote yaliyotokea yalitoka hapo. Mtambo ukiwaka, handaki hujaa mionzi inayoua. Kwa hiyo kwenye mlango wa kushukia, karibu na chumba cha uendeshaji, ulitundikwa ubao wa funguo. Kila aingiaye, awe profesa awe mfagizi, huchomoa ufunguo mmoja kwa mkono wake, huuvaa shingoni, ndipo hushuka. Akitoka huurudisha. Ufunguo mmoja usipokuwepo ubaoni, taa iliyo juu ya mlango huwa nyekundu na mtambo hauwaki hata ukiombewa dua. Funguo zikitimia, taa huwa ya kijani. Ubao haujali nani mkubwa nani mdogo. Hausikilizi "humo hamna mtu, nimeangalia mwenyewe." Unaamini ufunguo tu.

Fundi Pazi, fundi mkuu wa umeme, mtu mzima mwenye ulimi usiojua kupumzika, alikuwa akisema kwamba ubao ule ndio kitu pekee nchini kisichopokea vimemo vya wakubwa. Alikuwa na sababu ya kuupenda. Siku za majaribio, mkubwa mmoja aliapa kwamba handaki ni tupu, akabonyeza kitufe, na wakati huo Pazi yumo ndani amelala chali chini ya sumaku, anakaza nati. Mtambo ulikataa. Tangu hapo kila akipita Pazi huupiga ubao kofi la upole, kama mtu anayemsalimu punda aliyemvusha mto.

*

Kabla ya uzinduzi alikuja Waziri wa Sayansi, Sherehe na Maelekezo, Mheshimiwa Anakleti Kidawike, akifuatana na Mkuu wa Itifaki, mama mwembamba aitwaye Bi Ruzuna, ambaye kazi yake ilikuwa kushtuka.

"Mwenye Nchi atashuka handakini," Waziri alieleza. "Atakata utepe, atagusa sumaku, sumaku itaona fahari, atapanda juu, atabonyeza kitufe. Mtambo utawaka, sisi tutapiga makofi."

"Vizuri, mheshimiwa," alisema Dakta. Kitufe alichokitamani kilikuwa kimeshapotea, na hakukidai. "Atachukua ufunguo kama kila mtu, akitoka ataurudisha."

Bi Ruzuna alishtuka. "Mwenye Nchi hachukui kitu, Dakta. Hukabidhiwa."

"Basi akabidhiwe."

"Na harudishi kitu. Hilo neno tulifute."

"Asiporudisha, mtambo hauwaki."

"Hayo ni ya baadaye," alisema Waziri. "Serikali hii haijawahi kukwama kwa sababu ya baadaye."

Wengi walimshauri Dakta amwache Mwenye Nchi ashuke bila ufunguo, mambo yaishe. Alikataa. Alisema kanuni inayomsamehe mkubwa ndiyo itakayokuja kumuua mdogo, na alilisema hilo mbele ya watu, wakamwonea huruma.

Siku ikafika. Palikuwa na zulia, matarumbeta na kwaya ya wizara iliyoimba wimbo wa kuzisifu chembe kwa uzalendo wao. Ufunguo uliletwa juu ya mto wa mahameli, umefungwa utepe. Ulikuwa ufunguo wa shaba wenye kibati kilichochongwa maneno: UKIOKOTWA, RUDISHA MAABARA YA MKONGENI. Itifaki walikuwa wamekigeuza kibati ili maneno yatazame chini.

Mwenye Nchi aliupokea, akaupima uzito kiganjani, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Akashuka, akakata, akagusa, akapanda. Juu, kando ya ubao, Dakta alikuwa amesimama amenyoosha mkono, kiganja kikitazama juu. Mwenye Nchi aliutazama mkono ule akaona mwananchi anaomba kusalimiwa. Akaushika, akautikisa, akatia ufunguo kwenye mfuko wa koti lake la buluu.

"Asanteni kwa zawadi," alisema.

Kisha alibonyeza kitufe, na hakuna kilichotokea, kwa sababu hicho ndicho kilichopaswa kutokea. Mshereheshaji alikuwa mtu wa kazi yake. "Waheshimiwa, mtambo umewaka!" alipaza sauti. Wageni wakatafuta kilichowaka. Wakaona taa nyekundu juu ya mlango. Wakaipigia makofi mpaka viganja vikawasha.

*

Dakta alikwenda wizarani kuuomba ufunguo. Alivaa suti yake ya safari za ng'ambo na kujiambia kuwa ni jambo dogo: mtu kapitiwa, katia kitu mfukoni, atumwe dereva. Waziri Kidawike alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akafunga dirisha, akashusha pazia, akaongeza sauti ya redio.

"Rudia," alisema, "polepole. Unataka Mwenye Nchi afanye nini?"

"Arudishe ufunguo."

"Dakta, mtoto wa watu. Unajua ni wangapi wamewahi kumwambia Mwenye Nchi arudishe ufunguo?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Hata mimi sijui. Hakuna aliyerudi kutueleza." Alikaa. "Chongeni mwingine. Mafundi wa funguo wamejaa kila kona ya mji."

"Sichongi. Ubao ukiwa na ufunguo wa bandia, siku mtu yumo ndani mtambo utasema hayumo. Tutamuua."

"Mtu gani huyo?"

"Yeyote. Fundi. Mimi. Hata wewe, ukija kututembelea."

Waziri alikunja uso kwa jinsi wazo hilo lilivyokosa adabu. Halafu uso ukakunjuka taratibu. "Huo mtambo wako, kwa sasa hivi tunavyozungumza, unasema nani yumo ndani?"

"Aliyechukua ufunguo."

"Yaani Mwenye Nchi."

"Ndivyo mtambo unavyosema. Lakini sote tunajua yuko Ikulu."

"Na mtambo hukosea?"

Hapo ndipo Dakta alipojikwaa, na alijikwaa kwa fahari. Angesema hukosea, angekunywa chai akaondoka. Lakini maisha yake yote yalikuwa kwenye mitambo ile, na Pazi alikuwa hai kwa sababu yake.

"Haukosei," alisema. "Watu ndio hukosea."

Waziri alimsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu asiye na cheo. Alikuwa na sura ya mtu aliyeokota kitu na bado hajajua atakiuza wapi.

*

Tamko la serikali halikukawia. Lilieleza kwamba kwa mujibu wa sayansi, ambayo haikosei, Mwenye Nchi yumo handakini Mkongeni. Kwamba kwa mujibu wa macho yupo pia Ikulu. Na kwamba kuwepo mahali pawili kwa wakati mmoja ni jambo la kawaida kwa chembe ndogo kabisa, seuze kwa mtu mkubwa kama yeye. Wanafizikia wa maabara walilisoma tamko lile wakatazamana. Lilikuwa upuuzi, lakini halikuwa upuuzi rahisi kuueleza getini kwa askari.

Maana askari walikuwa wameshafika. Handaki likaitwa Ikulu ya Chini. Bendi ilikuja kupiga wimbo wa taifa kila asubuhi mbele ya taa. Wapishi walileta sinia kila mchana, pilau ya kuku, kachumbari na ndizi mbivu. Lilishushwa kwa heshima na kupandishwa tupu, na hilo likathibitisha kwamba Mwenye Nchi yumo na hamu yake ya chakula ni nzuri. Askari waliolishusha walianza kunawiri mashavu, ila hilo halikuchunguzwa. Dakta alihakikisha kila mmoja wao anachukua ufunguo akishuka na kuurudisha akipanda, na wao walitii, wakidhani ni sehemu ya heshima.

Mabalozi wapya waliletwa kuwasilisha hati zao mbele ya taa. Waliinama. Taa iliendelea kuwa nyekundu, na magazeti yakaandika kwamba wamepokewa kwa ukunjufu.

Dakta alikuja kazini kila siku. Pampu zilivuma vizuri, bomba halikuwa na hewa, sumaku zilikuwa zimepoa barabara. Kila kitu kilikuwa tayari, kama bibi harusi aliyekwisha kupambwa huku upande wa bwana harusi hauna habari. Ilimuuma. Kuna wakati alikuwa akikaa mbele ya kile kitufe, anakifuta vumbi kwa ncha ya khanga yake, anainuka.

Kisha Mwenye Nchi wa Ikulu alianza kuadimika. Hakuonekana kwenye gwaride. Hakuonekana kwenye mazishi ya shemeji yake. Watu wakanong'ona, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ndipo Waziri Kidawike alipotokea kwenye televisheni akiwa na cheo kipya cha Msemaji Mkuu wa Taa.

"Wapo wazushi wanaosema Mwenye Nchi hayupo," alisema kwa masikitiko. "Nawauliza swali moja la kisayansi: taa ina rangi gani?"

Tangu siku hiyo taarifa ya habari ya mchana ilifungwa kwa picha ya moja kwa moja kutoka Mkongeni, na sauti ya mtangazaji ikisema, "Taa ni nyekundu. Mchana mwema." Bunge likapitisha sheria kwa sauti moja, sauti yenyewe ikiwa ya Spika: mwenye mamlaka ya nchi ni yule ambaye taa inasema yumo. Kidawike akawa anasimama mbele ya taa, anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza, kisha anageuka na kutangaza maagizo yake. Taa ilipiga marufuku mikutano. Taa ilifungia magazeti mawili. Taa ilihamisha kijiji kizima kilichokuwa kikiziba mandhari ya nyumba ya Kidawike. Mpaka siku hiyo hakuna aliyejua kwamba taa inapenda mandhari.

Alasiri moja Fundi Pazi alipanda ngazi kuitazama taa kwa karibu. Askari akamwuliza anafanya nini.

"Naangalia balbu, afande," alisema Pazi. "Balbu huungua. Yote haya ni balbu tu."

Alichukuliwa vilevile alivyo, na ovaroli yake na bisibisi mfukoni, kwa kosa la kutilia shaka taa, wala hakuwa wa kwanza. Dakta aliwakimbilia mpaka getini, akiwaambia kwamba huyo ni fundi wake, kwamba balbu kweli huungua, kwamba hilo halina siasa. Ofisa wao, kanali mmoja mpole, alimgeukia.

"Dakta, si wewe uliyesema mtambo haukosei?"

Alisimama pale getini mpaka gari lao likapotea vumbini. Mke wa Pazi, Bi Mwanakheri, alikuwa akija maabara kila Ijumaa kuuliza kama kuna habari. Hakumlaumu Dakta hata siku moja. Aliuliza tu kama huko aliko mumewe wanampa chai, maana bila chai ya asubuhi kichwa humuuma. Dakta alikuwa akirudi chumba cha uendeshaji akalia, na hakumficha mtu yeyote.

*

Mzee mmoja alifika kwa baiskeli asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake. Getini alisema ameleta mzigo wa Dakta, na kwa kuwa alikuwa na sura ya mtu asiye na jambo, walimpitisha.

"Shikamoo," alisema Dakta.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Mshamu, dobi wa Ikulu. Nimeokota kitu chenu." Alifungua leso. Ulikuwa ufunguo wa shaba na kibati chake. "Maneno yanasema ukiokotwa urudishwe. Mimi vya mifukoni hurudisha. Nimerudisha miwani, nimerudisha hata meno."

"Umeukuta wapi, baba?"

"Koti la buluu. Alikuwa halitoi mwilini lile koti. Nalifua jioni, ameshatoa vya mifukoni, asubuhi analitaka." Mzee alikunja leso mara mbili. "Sasa juzi nimeletewa nguo zote kwa pamoja. Makoti, kanzu, mpaka soksi. Nimeambiwa nifue, nikunje, nitie masandukuni. Nikauliza, na mwenyewe kesho atavaa nini? Wakaniambia, we dobi, fua."

Dakta aliketi. "Na mkewe?"

"Mama amefunga kaniki, amekaa eda. Haoni mtu."

Dakta aliinuka akafunga mlango.

"Umemwambia nani haya?"

"Nimwambie nani? Mimi nimekuja kurudisha ufunguo." Akaomba maji, akanywa, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Dakta alibaki na ufunguo kiganjani. Angeuficha, taa ingebaki nyekundu na Pazi angeozea ndani. Angempelekea Kidawike, ungetupwa baharini na yeye nyuma yake. Angeurudisha ubaoni, nchi nzima ingejua, na Kidawike angejua ni mkono wa nani. Alifikiri yote hayo. Halafu akakumbuka kwamba kwa miaka mingi amewaambia watu jambo moja tu kuhusu funguo hizi. Saa ya taarifa ya habari ilipokaribia, aliinuka, akapita mbele ya askari waliokuwa wakingoja sinia, akauchomeka ufunguo mahali pake.

Taa ikawa ya kijani.

Mtangazaji alikuwa na mazoea ya kusoma bila kutazama. "Taa ni nye..." alisema, akanyamaza. Nchi nzima ilimsikia akivuta pumzi. "Taa ni... Mchana mwema."

Sokoni, muuza nyanya mmoja alitazama televisheni ya kinyozi akasema, "Katoka." Jirani yake akasema, "Innalillahi." Baadhi ya watu walifunga maduka. Wengine, sijui kwa nini, walikwenda nyumbani wakafungua madirisha.

*

Dakta hakuwa na habari na hayo. Alikuwa mbele ya kitufe, na kila kipimo mbele yake kilisema tayari. Ilibaki hatua moja: kanuni hutaka handaki litembelewe kwanza, kuhakikisha ni tupu. Alikuwa amenyoosha mkono kuchukua ufunguo wa ukaguzi, bila kukumbuka kwamba kwa sheria ya Bunge angekuwa mkuu wa nchi muda wote wa matembezi hayo, aliposikia ving'ora.

Kidawike aliingia akiwa hana hata kofia. Kanali na askari wake walimfuata.

"Nani kaweka huo ufunguo?"

"Mimi, mheshimiwa. Umeokotwa, umerudi."

"Utoe! Utoe sasa hivi!"

"Anayeutoa lazima ashuke nao," alisema Dakta. "Hiyo ndiyo kanuni. Na kwa sheria yenu, anayeshuka..."

Hakumaliza, wala haikuhitajika. Kanali aliutazama ubao, funguo zikiwa zimepangwa pale wazi kabisa, na yeyote anaweza kunyoosha mkono. Kidawike alimwona Kanali akitazama. Aliruka akasimama mbele ya ubao, mikono ameitanua kama golikipa.

"Nikichukua mmoja," alisema, jasho likimtoka, "wengine wakichukua iliyobaki?"

"Ubao una kufuli, mheshimiwa. Nikilifunga, hakuna ufunguo mwingine unaotoka mpaka wa kwanza urudi."

"Na hakuna anayeshuka?"

"Hata mmoja. Chakula kitashushwa kwa kamba, kwenye tundu la vifaa."

Kidawike alianza kutabasamu.

"Ila kuna moja," Dakta aliendelea. "Wale waliofungwa walisema taa ile inaweza kubadilika, na leo imebadilika mbele ya nchi nzima. Ukishuka nao bado wamo gerezani, watu watauliza mwenye haki alikuwa nani."

"Waachiwe!"

"Piga simu hapa hapa, mheshimiwa. Huko chini mtandao haufiki."

Kanali alikuwa amesogea hatua. Kidawike alipiga simu, akafoka jina la gereza na neno moja, na sehemu ile ya mtandao haikumwingia sikioni. Kisha alichomoa ufunguo ule ule wa shaba, akauvaa shingoni kama nishani, akashuka ngazi mbio. Taa ikawa nyekundu. Dakta akafunga kufuli la ubao. Mtangazaji, aliyekuwa ameachwa hewani muda wote ule, karibu aangue kilio cha furaha. "Taa ni nyekundu!" alisema.

Wenye nia mbaya husema Dakta alikuwa amepanga yote. Mimi nasema alifuata kanuni.

*

Mle handakini kulikuwa na simu moja ya ukutani, nayo ilifika chumba cha uendeshaji tu. Kidawike aliitumia kutoa maagizo, marefu, yenye vifungu. Dakta aliyasikiliza yote mpaka mwisho.

"Nimesikia, mheshimiwa," alikuwa akisema, na kweli alikuwa amesikia. Kazi yake ilikuwa chembe. Hakuna aliyemwagiza apeleke maneno mahali.

Askari wasiopata amri walichoka, wakaondoka mmoja mmoja, Kanali akiwa wa mwisho. Bendi iliondoka ngoma kubwa ilipopasuka. Wapishi wa pilau nao hawakuonekana tena. Bunge lilikaa likingoja taa iseme, likangoja, mwishowe likaanza kuzungumza lenyewe, kwanza kuhusu visima, halafu kuhusu mambo mengine. Magazeti mawili yakatoka tena. Kijiji kilichohamishwa kikarudi mahali pake, kikaiziba mandhari vizuri kuliko zamani.

Fundi Pazi alirudi amekonda, na ovaroli ile ile. Jambo la kwanza aliupiga ubao kofi la upole. Jambo la pili aliona pengo.

"Nani yumo?"

"Kidawike."

Pazi alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa alikaa, akachomoa bisibisi, akautazama ubao kwa jicho la kifundi, na hakuwa anacheka tena.

"Dakta, nyaya za ubao huu nimezivuta mimi. Nipe kikombe cha chai na muda kidogo, naudanganya. Mtambo unawaka leo leo. Miaka yote hiyo uliyongoja."

"Na yeye?"

"Si alitaka taa?"

Dakta alikitazama kitufe. Tusimpambe: alilifikiria. Alilifikiria mpaka chai ya Pazi ikapoa, huku pampu zikivuma zile sauti anazozijua, na kila kipimo kikisema tayari. Alimfikiria Bi Mwanakheri na Ijumaa zake. Alikifikiria kile kijiji. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, si mbali.

"Mtu yumo ndani, Pazi," alisema.

"Yule ni mtu?"

"Siku ile ulipokuwa chali chini ya sumaku, ubao haukuuliza wewe ni mtu wa namna gani."

Pazi aliupiga ubao kofi la upole. Kisha alirudisha bisibisi mfukoni, akainywa chai ilivyo baridi.

Kwa hiyo mtambo wa Mkongeni haujawaka mpaka leo. Mvi zimemtoka Dakta. Kila asubuhi hukagua pampu, hufuta kitufe vumbi, kisha huinua simu iendayo handakini.

"Umeamkaje, mheshimiwa? Unatoka leo?"

"Taa ina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Bado ni mimi?"

"Kwa mujibu wa taa, bado ni wewe."

"Leo mnashusha nini?"

"Maharage."

"Jana pia yalikuwa maharage."

"Mjini kuna pilau, mheshimiwa. Ni kurudisha ufunguo tu."

Simu hukatwa. Dakta hurudisha mkono wa simu mahali pake, akautazama mlango wa handaki. Haujamfungia mtu. Milango ya maabara za namna ile hutengenezwa hivyo makusudi, yote, duniani kote: ukiwa nje huwezi kuufungua mlango bila ufunguo, lakini aliye ndani akitaka kutoka, husukuma tu.